Tela na Tanga: Mwongozo kwa Mwenye Chombo Kidogo

Mtu mwenye chombo kidogo cha tanga, ambaye nyumba yake haiko karibu na ufuko, hana budi kufanya safari mbili kila anapotamani moja: safari ya nchi kavu, ambayo yeye hukichukua chombo, na safari ya maji, ambayo chombo humchukua yeye. Safari ya pili watu hujifunza kwa hamu na kuisimulia kwa fahari. Ya kwanza aghalabu huachiwa haraka na bahati, ilhali ubavu uliopasuka, mlingoti uliopinda, usukani uliodondoka njiani na gurudumu lililokatika kwa kutu ni misiba inayotokea au kuanzishwa kabla mkuku haujagusa maji.

Kanuni itakayoongoza maneno yote yafuatayo ni moja, nayo yafaa ishikwe tangu mwanzo: kabla hujafunga fundo lolote, jiulize fundo hilo linazuia nguvu gani, na nguvu hiyo inatoka upande gani. Majini nguvu hutoka katika upepo, na tanga huipeleka katika mlingoti, mlingoti huipeleka katika umbo la chombo, na mkuku na usukani huigeuza kuwa mwendo. Barabarani nguvu hutoka katika uzito wa chombo chenyewe, ambao hutaka kwenda mbele gari linapofunga breki, kubaki nyuma linapoondoka, kuruka linapovuka tuta, na kwenda kando linapokata kona. Wahenga walisema chombo hakiendi ila kwa nyenzo, na mwenye kuzijua nyenzo zake na kazi ya kila moja hahitaji kukariri orodha ndefu.

Kukijua chombo chenyewe

Ili maneno haya yawe na mahali pa kutua, tuchukue mfano wa Laser, chombo cha mtu mmoja kilichochorwa na Mkanada Bruce Kirby na kuanza kuuzwa mwaka 1971, kikaingia katika michezo ya Olimpiki mwaka 1996, na ambacho leo huonekana katika vilabu vya tanga vya pwani ya Afrika Mashariki na katika maziwa ya bara. Urefu wake ni meta 4 na ushei, uzito wa umbo tupu unakaribia kilo 60, na tanga lake ni moja tu, lenye eneo la meta za mraba 7 hivi. Mlingoti wake ni wa vipande viwili vya aluminiamu vinavyochomekana, wala hauna kamba za kuushikilia pembeni. Husimama kwa nguvu ya tundu la sitahani ambamo mguu wake huingia. Tanga lake halipandishwi kwa henza na jarari kama tanga la jahazi, bali lina ala ya kitambaa inayouvaa mlingoti, na ukingo wake wa chini hunyooshwa juu ya mti mwingine uliolala, ambao hapa tutauita mti wa chini.

Umbo la chombo hiki ni jepesi, nalo ni tupu ndani. Kingo zake za pembeni, pale sitaha inapokutana na ubavu, ndizo imara kuliko sehemu nyingine zote. Tumbo lake, ambalo kwa macho laonekana pana na gumu, ni dhaifu kwa mzigo unaosukuma mahali padogo. Anayeielewa tofauti hii ataelewa pia kwa nini chombo cha kilo 60 huweza kuharibiwa na tela zuri lililofanywa kwa vilalio vibaya.

Kupakia juu ya tela

Tela bora kwa chombo cha namna hii ni lile lenye vilalio viwili vinavyozibeba kingo za pembeni, kimoja karibu na omo na kimoja nyuma ya nusu ya chombo, au lenye vilalio vipana vilivyochongwa kufuata mviringo wa tumbo na kufunikwa zulia kuukuu. Usikubali chombo kilale juu ya vyuma viwili vyembamba, hata kama muuzaji wa tela atakuhakikishia kuwa wengine wamefanya hivyo miaka mingi, kwa maana kila tuta la barabarani huwa pigo la nyundo katika mahali pale pale.

Mzigo ukishakaa, pima kichwa cha tela, yaani ncha ile inayofungwa katika gari. Uzito unaokandamiza kichwa hicho unapaswa kuwa kilo 5 hadi 10 katika kila kilo 100 za tela na mzigo wake, na mizani ya kawaida ya kupimia watu, iliyowekwa juu ya tofali kwa kimo cha gari, inatosha kukuonyesha. Kichwa kikiwa chepesi mno, tela litaanza kuyumba mkia kila mwendo unapozidi, na kuyumba huko huongezeka lenyewe hadi likaligeuza gari. Kikiwa kizito mno, nyuma ya gari itadidimia na magurudumu ya mbele yatapungukiwa na nguvu ya kushika barabara. Dawa yake ni kusogeza chombo mbele au nyuma kidogo, wala si kupakia mawe au madebe ya maji upande ulio mwepesi.

Sasa funga, na katika kufunga kumbuka zile nguvu nne. Kamba ya omo, iliyofungwa katika nguzo ya mbele ya tela, huzuia chombo kurudi nyuma. Hata hivyo haizuii nguvu iliyo kubwa zaidi, yaani ule msukumo wa kwenda mbele wakati wa breki, ambao lazima uzuiliwe na kizuizi cha mpira mbele ya omo au na kamba nyingine inayovuta kuelekea tezi. Kuruka na kwenda kando huzuiwa na mikanda miwili inayopita juu ya chombo, nayo ipite pale pale vilalio vilipo chini, kwa sababu mkanda uliokazwa mahali pasipo kilalio hugandamiza umbo hewani hadi likabonyea. Weka kitambaa kinene kila mkanda unapogusa ukingo, kaza kwa nguvu ya mkono mmoja tu, na usokote kila mkanda mara moja baina ya kingo mbili, kwani mkanda bapa hupigwa na upepo wa mwendo, ukavuma na kujisugua njia nzima, ilhali uliosokotwa hutulia.

Asiye na mikanda atumie kamba isiyovutika, na afunge hivi: akishafunga ncha moja upande mmoja wa tela, afanye kitanzi katikati ya kamba upande wa pili, apitishe ncha iliyobaki katika pete ya tela, airudishe juu hadi ndani ya kitanzi, kisha avute kuelekea chini. Kamba itajivuta kwa nguvu iliyozidi ya mkono wake, kama ipitayo katika roda, na mafundo mawili ya mwisho yatatosha kuiweka hapo. Usitumie mpira unaovutika kuwa ndio tegemeo. Mpira hufaa kutuliza vitu vidogo, wala hauzuii chombo.

Vipande vya mlingoti, mti wa chini, usukani, kana na mkuku wa kuchomeka vifungwe kila kimoja peke yake, tena kwa kitambaa baina ya chuma na chuma. Mkuku na usukani vikiweza kusafiri ndani ya gari, kwenye mifuko yao, ni bora zaidi, kwa maana jeraha dogo la ukingo wa kimojawapo hukipunguzia chombo mwendo kwa muda mrefu. Tanga lizungushwe kama mkeka, lisikunjwe pembe kwa pembe, kwa sababu kila mkunjo huvunja ugumu wa kitambaa. Lolote litokezalo nyuma ya tela lifungiwe kitambaa chekundu mchana na taa nyekundu usiku, na taa za tela zijaribiwe kila safari mtu mmoja akiwa ndani ya gari na mwingine nyuma yake.

Jambo la mwisho kabla ya kuondoka ni kizibo cha tezi: kifungue. Umbo lililozibwa limefunga hewa ndani yake, na hewa hiyo hutanuka kwa jua la njiani. Na mtu atokaye Mombasa kwenda Ziwa Naivasha, ambalo liko zaidi ya meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, hufika mahali ambapo hewa ya nje imepungua msukumo kwa karibu sehemu moja ya tano, huku ile ya ndani ikiwa bado ni hewa ya Mombasa. Vyombo vingi vina tundu dogo la kupumulia, lakini mchanga au chumvi huweza kuliziba usijue. Kizibo kikifunguliwa, kitie mfukoni au kifunge kwa uzi katika kana, ili kisisahaulike utakapofika majini.

Barabarani

Mwenye kuvuta tela kwa mara ya kwanza ataona kuwa gari lake halikubadilika sana katika kwenda mbele, ila limebadilika katika kusimama, katika kona, na katika kurudi nyuma. Acha nafasi iliyo maradufu baina yako na gari la mbele. Kata kona kwa upana, kwa kuwa magurudumu ya tela hupita ndani zaidi kuliko ya gari. Vuka matuta polepole mno hata tela nalo limalize kuvuka. Tela likianza kuyumba, usifunge breki kwa ghafula wala usilisahihishe kwa kuzungusha usukani huku na huku: ondoa mguu katika mafuta, ushike usukani sawasawa, uache mwendo upungue wenyewe, kisha usimame mahali salama ukague mzigo.

Simama baada ya kilometa chache za mwanzo, kwa kuwa ndipo kamba zinapolegea baada ya mzigo kujikalisha, na ukaze upya. Katika kila kituo baadaye, peleka mgongo wa mkono karibu na kitovu cha kila gurudumu: vuguvugu si neno, ila kitovu kikali cha kuunguza ni dalili ya beringi iliyokauka grisi au breki iliyokwama, na anayeendelea kwa matumaini huenda akapitwa njiani na gurudumu lake mwenyewe. Chukua tairi ya akiba ya tela, na jaribu nyumbani, kabla ya siku ya haja, kama jeki na spana za gari lako zinafaa kwa tela, maana aghalabu nati zake ni za kipimo kingine na jeki ya gari ni ndefu kuliko nafasi iliyopo chini ya ekseli.

Kurudi nyuma huwatia watu fedheha kuliko lolote, na hila yake ni nyepesi: ushike usukani wa gari sehemu ya chini, na upande utakaopeleka mkono ndio upande litakakokwenda tela. Sogea kidogo, simama, tazama. Tela fupi hugeuka upesi kuliko refu, na likishapinda kama kiwiko haliwezi kunyooshwa ila kwa kwenda mbele tena. Mwombe mwenzako asimame pale unapoweza kumwona katika kioo, nyote mkiwa mmekubaliana ishara mapema.

Kuchagua mahali na saa ya kushua

Pwani yetu ina maji yanayojaa na kupwa kwa kiasi kikubwa, hata tofauti baina ya maji makuu na maji madogo siku za bamvua huweza kukaribia meta 4. Katika Unguja na Mombasa, siku hizo, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, na kupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku; kisha kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwenye kushua saa nane mchana siku ya bamvua, maji yakiwa yanapanda, atakuwa na muda mwema wa kutoka na kurejea. Mwenye kushua saa kumi na moja jioni atarudi kukuta mwamba na matope pale alipoacha maji ya kiunoni, na chombo cha kilo 60 huwa kizito ajabu kinapobebwa juu ya matumbawe kwenye giza.

Upepo nao una hesabu yake. Kaskazi, inayovuma takriban Disemba hadi Machi, kwa kawaida ni pole kuliko kusi, ambayo huwa na nguvu hasa katika Juni na Julai. Mwanafunzi afanye mazoezi yake ya kwanza katika kaskazi, na asubuhi kuliko alasiri. Upepo wa nchi kavu, ambao ufukweni huonekana mwanana kwa kuwa maji ya karibu hayana mawimbi, ndio wa hatari zaidi kwa chombo kidogo, kwa sababu humsaidia mtu kwenda mbali na kumzuia kurudi. Hali upepo utokao baharini humpa taabu ya kuondoka na wepesi wa kurejea.

Kusimamisha mlingoti na kufunga tanga

Shusha chombo kutoka katika tela, kiweke juu ya toroli la ufukweni, na uelekeze omo kwenye upepo. Tazama juu kabla hujafanya lingine lolote. Mlingoti uliokamilika una meta 6 hivi, tena ni wa chuma, na waya wa umeme unaopita juu ya maegesho ya klabu au kando ya barabara ya ufukweni umewahi kuua watu katika nchi nyingi. Kama kuna waya, funga tanga mahali pengine, wala usijaribu kuupita kwa kuinamisha mlingoti.

Angalia tundu la mlingoti. Mchanga uliobaki ndani yake husaga chuma na kitako chake kila chombo kinapotikisika, hivyo lisafishe kwa kitambaa. Mara moja kwa msimu lijaze maji na ungoje: maji yakibaki yalivyo, tundu ni zima, yakishuka, yanaingia ndani ya umbo, na chombo hicho kisishuliwe hadi fundi akitengeneze, kwa kuwa ufa huo ndio mwanzo wa mlingoti kung'oka na sitaha pamoja.

Chomeka vipande viwili vya mlingoti, uhakikishe vimefika mwisho. Tandaza tanga, ulivishe mlingoti kwa ala yake, kisha tia fito zake nyembamba katika mifuko, ukisukuma hadi zijifunge. Sasa simama ili upepo ulipeperushe tanga mbali nawe, inua mlingoti wima ukiwa umeushika chini, utembee nao hadi kwenye tundu na uuteremshe taratibu. Upepo ukiwa mkali, lizungushe tanga juu ya mlingoti kwanza, ulifunge kwa kamba fupi, na ulifungue baada ya mguu kuingia tunduni. Tanga lililofunguka mikononi mwa mtu mmoja humwangusha yeye, na mlingoti humwangukia jirani.

Peleka mti wa chini katika pini yake mlingotini, kisha funga pembe ya nyuma ya tanga, ile ya upande wa demani, katika mwisho wa mti huo kwa kamba mbili: moja inayoinyoosha pembe kwenda nyuma, na nyingine inayoifunga pembe karibu na mti ili isipande juu. Watu wengi huikaza ya kwanza na kuisahau ya pili, halafu hulilaumu tanga kwa makunyanzi ambayo si yake. Katika upepo mdogo, acha tumbo la tanga liwe mbali na mti wa chini kwa karibu shubiri moja. Katika upepo mkali, livute hadi nafasi hiyo iwe upana wa kiganja. Kamba ya chini, inayouvuta mti kuelekea mguu wa mlingoti, huzuia mti kupanda unapoenda na upepo wa nyuma. Kamba ya pembe ya joshi huvuta ukingo wa mbele wa tanga kushuka, nayo huhitajika zaidi kadiri upepo unavyoongezeka. Na ni kwa kamba hizi, au kwa nyingine fupi ya peke yake, ambapo mlingoti hufungwa katika sitaha, ili chombo kikipinduka kabisa mlingoti usichomoke tunduni na kuzama.

Mwisho pitisha demani, yaani kamba ya kuvutia na kulegezea tanga. Anzia mwisho wa mti wa chini, uteremke katika roda ya tezi, urudi juu, upite kando ya mti hadi roda ya katikati, kisha ushuke ndani ya chombo. Na katika ncha yake funga fundo lenye umbo la nane, kubwa lisiloweza kupita katika roda, kwani demani iliyochomoka katikati ya mawimbi huirudisha kazi yote ya ufukweni kwako ukiwa umelowa. Vuta demani na kuiachia mara kadhaa: iende bila kukwama. Epuka kuifunga demani mahali popote wakati wa safari; katika chombo kidogo mkono ndio kikaza bora, kwa maana mkono husikia upepo unapozidi.

Usukani, mkuku na kizibo

Usukani huvaa pini zake kwenye kitako cha tezi, na kijichuma kidogo cha kuzuia usipande lazima kisikike kikijifunga. Usipokisikia, uvute usukani kuelekea juu ujaribu. Kana ipite chini ya kamba ile ya tezi inayobeba roda ya demani, kisha ndiyo iingie katika kichwa cha usukani. Ukiipitisha juu, demani itanasa kila utakapopindua. Kamba ya kupandishia bapa la usukani na ya kulishusha zisafishwe mchanga.

Mkuku wa kuchomeka usiingizwe tunduni mwake hadi kina kifike. Kwanza ulale ndani ya sehemu ya kukalia, umefungwa kwa kamba nyembamba ya mpira. Kamba hiyo si ya kupendeza: chombo kikipinduka, mkuku ndio ngazi utakayosimamia ili kukiinua, na aliyeupoteza ameipoteza njia ya kurudi.

Sasa kizibo, ambacho ulikifungua mwanzo wa safari. Kirudishe kabla ya toroli kugusa maji, na ukiguse kwa mkono, hata kama una yakini kuwa ulikirudisha. Vaa jaketi la kuokolea ungali nchi kavu, chukua kafi na kamba ya kuvutwa, na mwambie mtu anayebaki ufukweni umekusudia kwenda wapi na kurejea saa ngapi.

Kushua na kurejea

Ukielekeza omo kwenye upepo, peleka toroli hadi maji yabebe chombo, kisha uliondoe chini yake. Na mwenzako alivute juu ya alama ya maji makuu, kwa sababu toroli lililoachwa pwani wakati wa maji kujaa halingojei mwenyewe. Shika chombo kwa omo, si kwa ubavu, nacho kitatulia kikiutazama upepo. Maji yakifika kiunoni, chomeka mkuku nusu, shusha bapa la usukani nusu, sukuma omo upande unaotaka kwenda, ruka ndani kutoka upande wa joshi, na uvute demani polepole. Mkuku na usukani viteremshwe kabisa mara tu kina kinaporuhusu, kwani chombo kisicho na mkuku huenda pembeni kama kaa, wala hakiwezi kubisha.

Katika kurejea, mambo haya hufanywa kinyume na kwa haraka kidogo. Fungua bapa la usukani lipande lenyewe likigusa mchanga, vuta mkuku juu unapoona chini, geuza omo kwenye upepo kabla hujafika kavu, na shuka majini ukiwa bado unaelea. Usikiendeshe chombo kikwame ufukweni kwa mwendo. Sauti yake huwafurahisha watazamaji, ila mwenye chombo hulipa kwa rangi na kwa bapa la usukani. Ukishafika juu, ng'oa mlingoti mapema, kwa maana tanga linalopigapiga bila kazi huchakaa zaidi katika nusu saa kuliko katika safari nzima.

Baada ya safari

Chumvi hufanya kazi yake usiku, wakati mwenyewe amelala. Osha kwa maji matamu roda zote, pini za usukani, tundu la mlingoti, vipande vya mlingoti vikiwa vimetenganishwa, na tela lenyewe. Vipande viwili vya aluminiamu vilivyoachwa vimechomekana na chumvi ndani yake huungana siku moja visiachane, kisha hutenganishwa kwa nyundo na laana. Tela la barabarani bora lisiingie baharini hata kidogo. Toroli liliumbwa kwa kazi hiyo. Ikiwa hakuna budi liingie, subiri kwanza beringi zipoe baada ya safari, kwa sababu kitovu chenye moto kikitumbukizwa katika maji baridi huvuta maji ndani, na baadaye zifunguliwe, zisafishwe na kutiwa grisi mpya.

Fungua kizibo, inua omo, na utazame maji yatokayo. Kikombe kimoja ni desturi ya chombo. Ndoo ni habari ya ufa, nao lazima utafutwe kabla ya safari nyingine, ukianza na tundu la mlingoti, kisha la mkuku, kisha pini za usukani. Tanga likaushwe kivulini, lizungushwe na kuhifadhiwa gizani, kwa sababu jua huila nguo ya tanga kuliko upepo, na chombo nacho kifunikwe turubai inayopisha hewa.

Weka sanduku dogo ambalo haliondoki katika tela: kizibo cha pili, pini moja ya usukani, kipande cha kamba nyembamba cha meta chache, utepe wa kubandika tanga, kisu, spana ya nati za tela, globu za taa, kopo la grisi na kitambaa chekundu. Kila kitu kitakachotumika humo kirejeshwe siku ile ile, kabla hujaingiza gari kivulini.